Shosti Kamletea Zawadi ya Kitabu, Kidogo Urafiki Ufe

Wadau, kuna mashosti wawili pale Sinza. Mmoja ni mpambaji wa maharusi, mwenzake anauza mawigi mtandaoni. Miaka minne damu damu. Huyu wa mawigi ana ualbino. Wateja wakimuona mara ya kwanza wanatazama kofia, wanatazama ngozi, halafu wanajifanya walikuwa wanatazama mawigi.

Siku ya besdei yake, mpambaji akaja na kitabu: Akata Witch cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kilichotoka 2011. Alisikia kwa bibi harusi mmoja kwamba shujaa wake ni binti wa miaka 12 mwenye ualbino. Akaona zawadi ndiyo hiyo. Alichosahau ni kwamba maandishi ni madogo kama sisimizi, na macho ya rafiki yake hayawezi hayo hata kwa miwani. Jamani! Basi ikabidi alipie kosa lake: kila jioni saluni ikifungwa anasoma kwa sauti, anatafsiri papo hapo, mwenzake anachana mawigi.

Mwanzo mambo matamu. Sunny kazaliwa New York, familia imerudi Nigeria, wanaishi Aba. Anapenda mpira kufa, ila jua halimruhusu. Anapata marafiki watatu, Orlu, Chichi na Sasha, wanaomuingiza kwenye jamii ya siri ya watu wenye uchawi, Watu wa Chui. Huko ukijifunza kitu kipya, hela zinadondoka zenyewe kutoka hewani. (Wa mawigi alicheka hapo, akasema kwa aliyofundishwa na wateja wanaokopa, saa hizi angekuwa bilionea.) Wanne hao wanatumwa kumsaka mtu anayeteka na kuua watoto kwa ushirikina.

Ikafika sehemu ya uwezo wa Sunny. Ana mguu mmoja duniani, mwingine kwa mizimu, na anaweza kutoweka asionekane. Ualbino wake ndio dalili ya uwezo huo. Msomaji anasoma huku anatabasamu, anaona zawadi sasa inajibu.

"Funga hicho kitabu."

"Kuna nini tena?"

"Huyo mwandishi ana tofauti gani na waganga?"

Huyu dada alitolewa nyumbani kwao Geita akiwa na miaka 8, akapelekwa bweni ambako watoto wenye ualbino walikuwa wanalindwa, kwa sababu kuna watu waliamini mkono wake una utajiri. Serikali ilikuja kupiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Utoto wake ulikuwa umeshaishia nyuma ya geti.

Mpambaji akajitetea kwamba ni stori tu. Angeishia hapo. Lakini mdomo nao una safari zake: "Mbona hata sisi nyumbani tuliambiwa nyie hamfi, mnapotea."

"Nyie?"

Kimya.

"Kaka yangu tumemzika. Kansa ya ngozi. Kaburi lipo, nimelipalilia mwenyewe. Hajapotea popote."

Siku tisa hawakuongea. Kwenye status kila mmoja akarusha mafumbo, mashabiki wa pande zote mbili wakadhani ni ugomvi wa mwanaume. Wapi!

Tuseme ukweli, wa mawigi alikuwa na hoja. Ukimuita mtu zimwi au ukimuita kiumbe cha miujiza, bado hujamuita jina lake. Anayekusifu kwamba una nguvu za ajabu leo, kesho atamsikia mtu akizitafutia bei. Ila na kitabu nacho kisionewe: zimwi halisi mle ndani si Sunny, ni lile jitu zima lililojua uchawi wote likaamua kula kwa damu za watoto. Mpambaji aliligundua hilo peke yake, maana zile siku tisa alikimaliza usiku usiku, kitandani.

Siku ya kumi akatokea dukani bila maua wala keki. Akasema pole ya kaka, ambayo katika miaka minne hakuwahi kuitoa kwa sababu hakuwahi kuuliza. Halafu akasema kuna kitu kilimkera: Sunny akishaingia kwenye uchawi, jua haliunguzi tena ngozi yake. Anatupa mwavuli, anacheza mpira mchana.

"Kwa hiyo jua limeisha?" wa mawigi akauliza, anajipaka Kilisun shingoni, yale mafuta yanayotengenezwa Moshi. "Huo uongo umeshinda uchawi wote."

Wakacheka, si sana.

"Na marafiki zake wanamwogopa?"

"Hapana. Wanamtania tu. Chichi ana mdomo kama wako."

Akavuta kiti. Akamwambia aanzie pale pale walipofunga, asiruke hata mstari, na akikuta upuuzi asome hivyo hivyo, yeye ataubishia.

Sasa wako kitabu cha pili, Akata Warrior cha 2017. Msomaji kapandisha bei, anadai chipsi mayai kila sura.