Ufa wa Faiba Haufichwi na Rangi

Wasee, acheni kupaka fila juu ya ufa halafu mnaita hiyo ripea. Beetle niliyoachiwa na guka ina madigadi za faiba, na moja ilimegeka kona, kama kiganja hivi. Nyumbani wakasema iuzwe skrapa. Nikakataa.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini. Nyuzi zikikatika, nguvu imeenda. Fila haina hizo nyuzi, so matuta yakiitikisa kidogo tu, ufa unarudi. Dawa iko upande wa nyuma: piga msasa mpaka rangi itoke, chonga kingo ziwe mteremko, futa vumbi, kisha laza vipande vya nyuzi vilivyoloweshwa resini yenye hadina. Ukizidisha hadina, inachemka na kupasuka. Na vaa maski, hilo vumbi si mchezo. Fila na rangi ni za mwisho, za sura tu.

Mtaniambia ninunue gari mpya. Sawa, lakini Beetle ya zamani ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka wa 2003. Na ya guka ni hii moja. Usipoziba ufa, utauza gari zima.