Zawadi ya Mwanangu na Sauti Aliyoisikia Mamake



Ndugu zangu, na hasa mama zetu na dada zetu mnaousoma waraka huu majumbani, leo sitasomesha fiqhi. Nitakuelezeni habari ya magurudumu ya gari, na mwisho wake utatufikisha kwenye amana na kusikilizana ndani ya nyumba.

Mwaka uliopita kijana wangu wa pili alipata kazi yake ya kwanza hapa Mombasa. Akadunduliza mshahara wa miezi kadhaa, kisha jioni moja akanijia na rimu nne zinazometameta kama sinia za harusi, zimeshavishwa matairi yake. "Baba," akasema, "umetubeba miaka yote kwa gari hili. Hii ni zawadi yangu." Ni mzazi gani awezaye kuirudisha zawadi ya namna hiyo? Nikamwombea dua. Na kusema kweli, nafsi yangu nayo ilifurahi; Ijumaa ile niliegesha gari mahali pa kuonekana na kila atokaye msikitini. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Wiki ya pili tulifunga safari ya Malindi kumzuru shangazi yangu aliyekuwa mgonjwa. Mbele tulikaa mimi na kijana. Nyuma alikaa mama watoto, binti yetu na mjukuu. Tulipoipita Mtwapa mama watoto akasema, "Baba watoto, kuna kitu kinakwaruza huku nyuma kila tukiruka tuta." Nikamwambia ni mizigo. Kilifi akalirudia neno lake, nami nikamjibu kwa ukali kwamba mambo ya gari atuachie sisi. Akanyamaza kwa adabu yake, akampakata mjukuu.

Tulipofika, kijana aliinama kutoa mkoba, akakaa kimya muda mrefu. Bega la nje la tairi la nyuma lilikuwa limekatwa na ukingo wa madigadi hata nyuzi za ndani zikaonekana. Nikaikumbuka ile barabara, malori na mabasi yake, na mwendo tuliokuwa nao. Sikuweza kumtazama mke wangu usoni. Siku ya kurudi tuliwapandisha wanawake basi, nasi tukafunga tairi la akiba, tukaja polepole.

Kesho yake nilimwendea fundi mmoja mtu mzima. Hakutucheka. Alichukua chaki akaandika sakafuni nambari za tairi letu la asili: 185/65R15. "Sheikh, 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 65 ya upana. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi." Tukapiga hesabu: tairi zima lina kipenyo cha milimita 621 na nusu. Matairi ya zawadi yalikuwa 205/55R16, na kipenyo chake kikatoka karibu milimita 632. Yalikuwa mapana zaidi na makubwa zaidi. Tena tairi likikua, kipima mwendo husema pungufu ya mwendo wa kweli.

"Lakini kubwa si hilo," akasema. Akaipindua rimu, akatuonyesha nambari iliyochongwa ndani ambayo mafundi huiita ofseti. Fikirieni rimu imekatwa nusu kwa upana wake, pakapita mstari katikati. Ofseti ni umbali kutoka mstari huo hadi pale rimu inapokutana na kitovu cha gari. Nambari ikipungua, gurudumu husogea nje. Ikizidi, huingia ndani kuelekea springi na shokomzoba. Rimu zetu za asili zilikuwa na upana wa inchi 6 na ofseti ya 45. Zile mpya zilikuwa na upana wa inchi 7 na ofseti ya 20. Ukijumlisha yote mawili, ukingo wa rimu ulitoka nje karibu milimita 38, yaani upana wa vidole viwili. Gari likiwa tupu huoni kitu. Wakikaa watu nyuma, springi hubonyea, na madigadi hushuka juu ya tairi. Ndiyo sababu aliyesikia ni yule aliyekaa nyuma.

Akaongeza kwamba gurudumu lililotoka nje hivyo huzitesa beringi, na kwamba nati kuingia sawasawa si ushahidi kuwa rimu ni ya gari lako. Sisi tulitazama matundu manne tu, tukasema imeingia, alhamdulillahi. Tundu la kati nalo lazima likikae kitovu barabara, na uzito ambao tairi limeandikiwa kubeba usipuuzwe.

Nimeisomesha mara nyingi hadithi ya mtu yule na ngamia wake, kwamba kumtegemea Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kufunga kamba. Sikujua kuwa ngamia wangu ana nati nne.

Sikutaka kuivunja zawadi ya mwanangu, wala fundi hakututaka tuivunje. Rimu zile zilibadilishwa kwa nyingine za inchi 16, upana wa inchi 6 na nusu, ofseti ile ile ya 45, na matairi ya 195/55R16. Kipenyo chake ni karibu milimita 621, sawa na ya asili, na ukingo umetoka nje milimita 6 tu. Uzito yanaobeba ni kilo 545 kila moja, badala ya 560 za yale ya zamani. Basi mizigo tumeipunguza.

Jioni ile nilimwomba mke wangu radhi mbele ya watoto, kwa kuwa nilimkemea mbele yao. Kisha nikamwomba akae nyuma pamoja na binti yetu, kijana akaendesha, tukazunguka mtaa kwa matuta yote. Alitega sikio, mkono wake juu ya mlango. Tuliporudi nyumbani akasema, "Sasa sisikii kitu." Tangu hapo hatufungi safari mpaka nimwulize.

Mama zetu, mkisikia mkwaruzo, semeni, na msiposikilizwa semeni tena. Na sisi waume tujue kuwa roho zilizokaa kiti cha nyuma ni amana, na tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.