Mkwamba Dume

Nilipostaafu ualimu, niliiacha pembe moja ya kiwanja changu hapa Muheza iwe makazi ya ndege. Humo nikapanda mkwamba, mti mdogo wa asili wenye tunda jeupe mfano wa lulu, tulilolichuma utotoni njiani kwenda shule. Miaka minne mfululizo ulichanua, nyuki wakavuma, lakini tunda sikuliona hata moja. Nikanoa panga.

Ndipo nikaikumbuka insha ya mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Aliandika: "Mkwamba wetu ni dume, hauzai." Neno "dume" nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Huo ni mpapai, si mkwamba." Nikaisoma sentensi ile mbele ya darasa, wenzake wakacheka.

Kumbe mtoto alisema kweli. Maua ya kiume na ya kike ya mkwamba hukaa katika miti tofauti, sawa na ya mpapai. Nikaliweka panga, nikaenda porini kutafuta mkwamba unaozaa, nikachimba chipukizi la mzizi wake na kulipanda jirani na lile dume.

Wapenzi wa lugha mwajua kuwa kuamba, katika Kiswahili cha kale, ni kusema. Sidai kwamba jina la mkwamba limetoka huko; ila huu wangu umenisema.

Mwaka huu shore wamekuja kula matunda. Mwanafunzi yule sijui yuko wapi, na wino wangu bado umo katika daftari lake.