Kamera ya sh. 12,000 na kopo la bibi

Najua nimepotea. Wiki ya tano sasa nipo hapa Babati kwa BTP, nafundisha Fizikia na Kemia, Form Two na Form Three, na mtandao wa huku nyumbani unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Wenzangu wa hosteli mmenitumia meseji za kunicheka kwamba nimekula boom kwa kununua kidude cha plastiki. Leo nawajibu. Mkimaliza kusoma mtasema wenyewe kama hela ilipotea.

Kidude chenyewe ni kamera, Kodak Pocket Instamatic. Ni nyembamba na ndefu, ukiiweka mezani utadhani ni kipochi cha miwani. Niliikuta kwa jamaa anayeuza vitu chakavu jirani na mitumba hapa mjini, imelala katikati ya rimoti na chaja za simu ambazo hakuna anayezitumia tena. Jamaa akaiona tai yangu, akaanza: "Mwalimu, hiyo antiki, lete elfu thelathini." Akabonyeza kitufe kunionyesha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. "Basi lete kumi na tano, utaweka pambo."

Nikamwambia haijafa. Kamera nyingi za aina hii hazipigi kama hakuna mkanda ndani. Kuna kijino kidogo kinachoingia kwenye tundu la mkanda, na mkanda unapovutwa ndipo springi inakazwa. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakisukuma kijino kwa ncha ya kalamu huku navuta wenzo, nikabonyeza. Tak! Jamaa akacheka mpaka jirani yake akaja kuangalia. "Kumbe unaijua kuliko mwenye mali. Toa kumi na mbili uende nayo. Lakini mwalimu, mkanda wake utaupata wapi?"

Hilo ndilo swali wadau, na yeyote anayetaka kamera hizi ndogo aanze nalo. Kamera ni rahisi kupata, kazi ipo kwenye mkanda.

Niwape historia kidogo. Mwaka 1938 kiwanda cha VEF mjini Riga, Latvia, kilikuwa kimeanza kutoa Minox, kamera iliyobuniwa na Walter Zapp. Negativu yake ni milimita 8 kwa 11. Chukua punje ya mahindi uitazame, ndiyo hiyo. Majasusi waliipenda kwa sababu inafichika kiganjani na inapiga kitu kilicho umbali wa sentimita 20 tu, kwa hiyo unanakili barua ya mtu huku umeinamia meza yake. Halafu mwaka 1972 Kodak wakaleta mkanda wa 110, wa upana wa milimita 16, umefungiwa ndani ya katriji ya plastiki. Huhitaji kujua chochote. Unaitumbukiza, unafunga, unapiga. Negativu yake ni milimita 13 kwa 17, kama ukucha wa dole gumba.

Sasa piga hesabu kama mwanasayansi. Mkanda wa kawaida, ule wa 35, negativu yake ni 24 kwa 36, yaani milimita za mraba 864. Ya 110 ni 221, robo tu. Ya Minox ni 88, sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana ukiikuza sana picha inajaa chengachenga. Lakini 110 ina bahati moja: baada ya makampuni makubwa kuiacha, Lomography walianza tena kutengeneza katriji zake mwaka 2012. Kaka wa rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka Ujerumani, akaniletea moja ya nyeusi na nyeupe, picha 24. Ikanitoka sh. 28,000. Mmeona? Mkanda umezidi kamera mara mbili na zaidi.

Basi jioni moja nikaja nayo sebuleni. Nikamsalimia bibi, shikamoo bibi, marahaba mume wangu, nikakaa naifuta vumbi. Bibi ana miaka kama tisini na macho yake yamechoka, lakini aliomba aishike. Akaipapasa pande zote, akatia kidole pale mlango wa nyuma unapofungukia. Akasema, "Hii ni ya baba yenu mkubwa."

Kwa sekunde chache tulitazamana tu, kwa maana ya baba mkubwa haiwezi kufika kwenye meza ya mitumba leo. Alimaanisha ni kama ile. Baba mkubwa alikuwa dereva kule Kondoa, kwenye mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden ili kuyazuia makorongo yaliyokuwa yanaila ardhi ya Warangi. Mgeni mmoja alimwachia kamera kama hii, na kila akija aliichukua mikanda, anakwenda kuisafisha kwao na kurudi na picha. Baba mkubwa alifariki mwaka 1983. Picha za karatasi zilikuwa kwenye sanduku la mbao, mchwa wakazimaliza. Baba alikuwa na miaka kumi na mbili kaka yake alipofariki. Ameniambia zaidi ya mara moja kwamba anaikumbuka sauti yake lakini uso umefutika.

Bibi akamtuma mdogo wangu kabatini alete kopo la biskuti. Ndani mna kadi ya kliniki, risiti za ushirika, shanga, na chini kabisa bahasha. Kwenye bahasha kuna vipande vya mkanda vya rangi ya machungwa, vyembamba kama utepe, na kila dirisha ni ukucha wa dole gumba. Bibi alivitunza miaka yote hiyo akijua ni "takataka za picha", ila alivitunza kwa sababu mwanaye alivishika.

Namna ya kuvisoma ni hii, na yeyote mwenye simu mbili anaweza. Simu ya kwanza fungua kioo cheupe, ongeza mwanga mpaka mwisho. Weka juu yake karatasi nyembamba nyeupe ili vidoti vya kioo visionekane, kisha negativu. Simu ya pili ipige picha kwa karibu. Mimi niliishikizia ile lenzi ya mkono ninayofundishia Form Three. Halafu kwenye programu ya kuhariri picha geuza rangi, cheusi kiwe cheupe. Ile rangi ya machungwa itakuwa bluu, kwa hiyo ondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe.

Ya kwanza ilitoka korongo tupu. Ya pili ng'ombe watano na mwanamke kijana. Ya tatu mwanaume ameegemea Land Rover, mkono mmoja kiunoni, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha.

Baba aliishika simu muda mrefu. Hakusema kitu. Akanirudishia, akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao alikuwa ameshawafungia.

Bibi hakuweza kuona kwenye simu. Kesho yake nikaenda stationery karibu na stendi, nikachapa kwenye A4. Chengachenga zipo, jicho moja halisomeki vizuri, lakini ni mtu. Bibi akaisogeza karibu na pua. "Shati hilo nilimshonea mimi." Kwenye ile ya ng'ombe alitaja kwanza jina la ng'ombe, ndipo akasema, "Na huyu ni mimi." Ng'ombe wale ndio waliotuleta huku. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la mmomonyoko la Kondoa, na babu akaja na wake upande huu wa Babati. Mimi historia hiyo niliisoma chuo kwenye kozi ya mazingira, ukurasa mmoja na nusu, nikaikariri kwa ajili ya UE. Sikuwahi kujua kwamba nyumbani kuna ushahidi wake wa milimita 13 kwa 17.

Mkanda wangu nao nimeshaumaliza. Kamera hii haina betri wala kurekebisha chochote, kwa hiyo unapiga juani, na mtu awe kama mita moja na nusu au zaidi. Nimepiga mlima Kwaraa ukiwa na kofia ya mawingu, bodaboda wa stendi, na viboko wa Ziwa Babati ambao wametokea kama nukta tatu, hehehe. Kusafisha nimesafisha mwenyewe kwa kahawa: Africafe, sodiamu kaboneti na vitamini C, mchanganyiko unaojulikana kwa wapiga picha wa nyumbani. Kukaza picha nilitumia sodiamu thiosalfeti, ile ile ya prakitiko ya msalaba unaofifia. Mwalimu wa maabara alinipimia kidogo. Usiku, stoo, mablanketi dirishani, mkanda naupandisha na kuushusha kwenye bakuli gizani, na mdogo wangu nje ya mlango anahesabu dakika kwa sauti. Picha 24, zimetoka 17. Moja ni bibi kwenye kigoda, ameshika ile A4.

Msiniombe niweke hapa picha ya baba mkubwa. Shangazi amekataa, amesema huyo ni wa nyumbani, na mimi naona ana haki. Hizi za viboko nitaweka mtandao ukitulia.

Ila nawaomba kitu kimoja. Likizo hii ukienda kwenu, uliza makopo na mabahasha kabla mtu hajafanya usafi. Ukikuta kipande cha mkanda, hata kiwe na dirisha dogo kama punje ya mahindi, usikitupe na usikishike katikati kwa vidole, shika pembeni. Kifunge kwenye karatasi kavu uje nacho chuo. Simu mbili tunazo, lenzi ninayo.

Mkaguzi anakuja Alhamisi na lesson plan ya mwanga na vioo haijaisha. Safari hii zana ya kufundishia ipo. Baadaye wadau.