Breki za Gari la Mjomba

Likizo iliyopita nilikaa Tukuyu kwa mjomba wangu, ambaye huchukua ndizi na abiria kwa gari lake mpaka Kyela. Njia hiyo karibu yote ni mteremko, na siku za mvua huogofya. Basi, usukani ukaanza kutetemeka kila akanyagapo breki. Fundi alipofungua magurudumu ya mbele tuliona diski zimelika na kufanya mifereji.

"Nizichonge, mzee, au utanunua mpya?" aliuliza.

Kuchonga kulikuwa rahisi sana, na pesa za kununulia mpya ndizo zilizowekwa kwa godoro langu la bweni. Kwa hiyo mimi nilitaka zichongwe! Mjomba akaniambia nisome maandishi yaliyopigwa kwenye chuma: kikomo milimita 20. Fundi akapima, akapata 20.6. Kuondoa mifereji kungekula nusu milimita kila upande, zibaki 19.6, na diski nyembamba hupata moto upesi, ikajipinda au kupasuka.

"Tununue mpya, mjomba," nilisema kwa sauti ndogo.

Alizinunua zote mbili, pamoja na pedi zake. Nami nilirudi shuleni na godoro la zamani, lenye shimo katikati.