Mlonge Kwenye Maabara

Jumatatu, 4 Machi 2024
Leo nimeponda mbegu za mlonge. Zikipondwa na kutiwa maji, kemia yake hubadilika. Ndani ya mbegu nzima, kemikali za glukosinolati na kimeng'enya cha mirosinazi hukaa mbalimbali. Vikikutana, isothaiosaianeti huzaliwa, na hiyo ndiyo ninayoifuatilia: ndani ya seli huamsha protini ya Nrf2, nayo huwasha jeni za kujikinga, zikiwemo za kutengeneza glutathioni. Joto kali huharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo kila jedwali langu litaeleza mmea uliandaliwaje.

Alhamisi, 7 Machi
Seli zilizotangulia kupewa maji yaliyochujwa ya mbegu zimestahimili sumu ya haidrojeni peroksaidi zaidi kuliko zile ambazo hazikupewa. Nimefurahi sana. Ila seli hizi za SH-SY5Y, ninazozitumia badala ya seli za ubongo, ni ukoo ulioanzia kwenye saratani ya mtoto wa kike wa miaka 4, mwaka 1970. Namshukuru mtoto yule. Anatufundisha hadi leo. Lakini hizi si ubongo wa mzee. Mimi humimina maji hayo ya mbegu juu ya seli moja kwa moja, ilhali anachokula mtu hupita tumboni na kwenye ini, kisha hukutana na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Jumamosi, 16 Machi
Jioni, baada ya futari, jirani alikuja.
"Dokta, bibi anasahau hata majina ya wajukuu. Nampa unga wa mlonge. Vidonge vya presha nimemwachisha, huu si unatibu vyote?"
"Mama, mrudishie vidonge leo hii, na kesho mpeleke apimwe. Mlonge ni mboga nzuri, mpikieni. Lakini hauchukui nafasi ya dawa yake."
Kwa nini neno hili halimfikii kabla ya muuza unga wa kopo? Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2020 ilitaja mambo 12 yanayoweza kurekebishwa, yanayohusishwa na takriban asilimia 40 ya dimenshia duniani. Presha ya kupanda katika umri wa kati imo, na kupungukiwa usikivu pia.

Jumanne, 19 Machi
Nimesoma na wanafunzi kazi za watafiti wa Chicago kuhusu lishe na ubongo. Mwaka 2018, Martha Clare Morris na wenzake walifuatilia wazee 960: waliokula mboga za majani karibu kila siku, akili zao zilififia polepole, kana kwamba wana umri mdogo kwa miaka 11 kuliko waliozila kwa nadra. Yakaja majaribio ya MIND, lishe iliyobuniwa kwa ajili ya ubongo, yaliyochapishwa 2023: watu 604, miaka mitatu. Makundi yote mawili, la lishe hiyo na la kulinganishia, yaliboreka kiakili, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Mwanafunzi mmoja alivunjika moyo. Nilimwambia kwamba ubongo huanza kuharibika miaka mingi kabla ya dalili. Miaka mitatu huenda ni michache. Hata hivyo, "huenda" si ushahidi.

Ijumaa, 22 Machi
Mwenzangu alitaka makala yetu ihitimishe kwamba mlonge unakinga ubongo. Nimekataa. Tumeandika kwamba umekinga seli, katika sahani ya maabara, kwa kipimo tulichokitaja. Hatua inayofuata ni kuomba kibali cha maadili ili tupime damu ya watu waliokula mlonge uliopikwa kama nyumbani. Kisichofika kwenye damu hakiwezi kufika kichwani.