Safari Isiyo na Tiketi: Wakati Ujao wa Kiingereza na Msemaji wa Kiswahili

Limo katika vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza kwa wageni zoezi moja lililozoeleka mno hata halitazamwi tena. Mwanafunzi huambiwa ajifanye kuwa karibuni atakwenda likizo ng'ambo. Huchagua nchi, huamua atasafiri na nani, atakaa siku ngapi, atalala wapi na atatembelea nini, kisha huyaandika hayo yote kwa sentensi za wakati ujao. Waliolibuni walikuwa na sababu nzuri, kwani mpango wa safari hukusanya mahali pamoja karibu njia zote ambazo Kiingereza hutumia kuzungumzia mambo yajayo. Hata hivyo, zoezi hili linapomfikia msemaji wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya Tanzania, linamdai kitu kilicho nje ya sarufi. Linamtaka athibitishe kuwa jambo limekwisha kupangwa ilhali yeye hajalipanga, wala hana njia ya kulipanga. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya yale yanayohesabiwa kuwa makosa katika zoezi hili haitokani na udhaifu wa Kiingereza cha mwanafunzi, bali na uaminifu wake kwa maana.

Yafaa kuanza na Kiingereza chenyewe. Lugha hii haina mofimu ya kitenzi iliyotengwa kwa ajili ya wakati ujao, kama ilivyo -ed kwa wakati uliopita. Ndiyo maana Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanahesabu njeo mbili tu, iliyopo na iliyopita, na kueleza kuwa mambo yajayo huonyeshwa kwa njia nyingine kadhaa. Msemaji wa Kiingereza hachagui miongoni mwa njia hizo kwa kuhesabu siku zilizobaki. Huangalia msingi alio nao wa kusema. Akisema 'I will visit the museum', anatabiri, au anaamua papo hapo. Akisema 'I am going to visit the museum', nia ilikuwapo kabla ya kunena. Akisema 'I am visiting the museum on Friday', pana maafikiano: mtu amearifiwa, nafasi imewekwa, pengine fedha zimelipwa. Na akisema 'The train leaves at seven', anasoma ratiba ambayo haikutungwa naye. Ndiyo sababu 'It is raining tomorrow' haikubaliki kwa kawaida, maana mvua haifanyi miadi na mtu.

Kiswahili, kwa upande wake, kina kiambishi -ta-, ambacho sarufi, ikiwamo ile ya Ashton ya mwaka 1944, hukiita cha wakati ujao. Asili yake yaelekea kuwa kitenzi 'taka', na mabaki ya asili hiyo yamo katika tungo zenye kirejeshi: 'atasafiri', lakini 'atakayesafiri', 'tutafika', lakini 'tutakapofika'. Will nayo ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kutaka. Bybee, Perkins na Pagliuca (1994) wameonyesha kuwa lugha nyingi zisizo na udugu zimeupata wakati ujao kutokana na vitenzi vya kutaka, vya kwenda na vya kuwajibika. Shall, mwenzake will, asili yake ni kuwiwa. Na Mswahili asemaye kuwa ahadi ni deni hatashangaa kuona deni limegeuka kuwa ahadi ya kesho. Kwa hiyo lugha hizi mbili hazijatengana kwa kiasi ambacho jedwali la njeo lililochorwa ubaoni linaweza kudokeza.

Aidha, Kiswahili hakitegemei -ta- peke yake. 'Kesho nitasafiri' na 'Kesho nasafiri' si kauli moja. Ya kwanza yaweza kuwa nia, makisio au neno la kumtuliza mtu. Ya pili aghalabu husemwa na aliyekwisha kukata tiketi, na anayeisikia huuliza, 'Saa ngapi?', wala haulizi, 'Kweli?' Boti ya Unguja 'inaondoka saa moja asubuhi', kwa kuwa ndivyo ratiba isemavyo. Mwenyeji anayetoka sebuleni na kumwacha mgeni husema 'Nakuja' ilhali anakwenda. Neno lake ni ahadi ya kurudi, na mgeni huielewa hivyo. Nia iliyotangulia ina 'nataka' na 'nina mpango wa', na jambo litakalokuwa limekamilika lina 'nitakuwa nimefika'. Tofauti anazofundishwa mwanafunzi kwa jasho anazo tangu utotoni. Asichokuwa nacho ni umbo la Kiingereza la kuzibebea, na katika zoezi la likizo hakosi umbo tu, bali hukosa pia jambo lenyewe lililopangwa.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza katika shule ya bweni ya bara alilipa zoezi hili darasa la kidato cha tatu. Kila mwanafunzi aliagizwa aandike sentensi nane juu ya likizo yake ya juma moja mjini London, na angalau tatu ziwe katika umbo la wakati uliopo wa kuendelea, ambalo lilikuwa limefundishwa siku hiyo. Madaftari yalirudi na mambo matatu. Wengi walitumia will toka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba hakuna kilichofundishwa. Baadhi walifuatisha kila ahadi na maneno yenye maana ya 'Mungu akipenda'. Na msichana mmoja, ambaye alijulikana kwa kushika sarufi upesi, aliandika sentensi zote nane kwa would: angepanda ndege, angelala hotelini, angeuona mto Thames. Alipata sifuri. Alipokwenda mezani kwa mwalimu hakubishania alama. Aliuliza tu:

'Mwalimu, niandike nasafiri Ijumaa, na tiketi sina?'

'Andika tu, mwanangu, huu ni mfano.'

'Kama ni mfano, si ndiyo maana nimeandika ningesafiri?'

Alama haikubadilishwa, kwa kuwa somo lilikuwa la wakati ujao.

Swali la msichana huyo lastahili jibu la kiisimu. Katika Kiswahili, jambo la kuwazika tu, ambalo sharti lake halipo, hukaa katika -nge-. Mtu asiye na pasipoti, viza wala nauli, akianza kueleza ziara yake ya London, umbo linalomjia ni 'ningekwenda'. Akisema 'nitakwenda' hujifunga. Akisema 'nakwenda' hudanganya. Msichana huyo alitambua kuwa zoezi limekutanisha umbo linalodai maafikiano na hali isiyo na maafikiano yoyote, akachagua umbo lililolingana na hali. Wenzake waliong'ang'ania will walifanya jambo hilohilo kwa tahadhari zaidi: kati ya maumbo yaliyoruhusiwa, walichukua lile linalodai ushahidi mdogo kabisa. Na wale waliomtaja Mungu walikuwa wakiweka mpaka kati ya kilicho mikononi mwao na kisichokuwamo, mpaka ambao Kiingereza chenyewe huujali kinapoikataza mvua ya kesho kuwekwa katika umbo la miadi.

Si kila kosa litakaloweza kutetewa namna hii. Katika madaftari yaleyale ilikuwamo pia sentensi kama 'When I will arrive in London, I will call my mother'. Hapa maana haina tatizo; kilichokosewa ni umbo. Kiswahili huruhusu 'nitakapofika London, nitampigia mama simu', na mwanafunzi amelihamisha umbo hilo zima hadi katika Kiingereza, ambacho hakipokei will katika kishazi cha wakati cha aina hiyo. Dawa yake imo katika Kiswahili chenyewe, kwa sababu msemaji huyohuyo husema pia 'nikifika London, nitampigia mama simu'. Akianzia hapo, alama ya wakati ujao hubaki katika kishazi kikuu peke yake, kama Kiingereza kinavyotaka. Vivyo hivyo kwa yule aliyeandika kuwa ndege yake inaondoka 'at one o'clock in the morning' akikusudia saa moja asubuhi: kinachohitajika ni kumkumbusha kuwa Kiingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane, nacho Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Makosa haya na yale ya kukataa kuthibitisha kisichokuwapo ni ya jamii mbili. Wino mwekundu ukiyapiga mstari kwa namna moja, mwanafunzi hawezi kujua lipi alirekebishe na lipi lilikuwa akili.

Atatokea wa kuuliza kama basi mtoto wa bara akatazwe kuiwaza London. La. Kumwambia kuwa safari zake zote ziishie katika mkoa wa jirani ni dhuluma kubwa kuliko kosa lolote la njeo. Isitoshe, mambo ya kubuni si mageni kwa msemaji wa Kiswahili. Lakini ubunifu huo una mlango wake. Msimulizi huita 'Paukwa', hadhira hujibu 'Pakawa', na tangu hapo sungura akisema hakuna aulizaye kama ni kweli, kwa sababu wote waliokuwapo wamekubali. Zoezi la likizo halina 'paukwa' yake. Huanza kwa amri iliyochapishwa kitabuni, kisha humwacha mwanafunzi peke yake na daftari ambalo kila kilichomo huhesabiwa kuwa kauli yake mwenyewe.

Mwalimu aliyetajwa alilirudia zoezi muhula uliofuata kwa njia nyingine. Aligawa vipande vya karatasi alivyoviandika kwa mkono. Kimoja kilikuwa tiketi ya ndege yenye siku na saa, kingine barua ya hoteli inayothibitisha chumba, kingine ratiba ya treni, na vingine vilikuwa vitupu. Kila mwanafunzi alipewa vichache, na darasa zima likakubaliana kuwa karatasi hizo ni za kweli mpaka kengele ilie. Mwenye tiketi aliandika 'I am flying on Friday' bila kusita. Mwenye ratiba alitumia umbo la kawaida la wakati uliopo. Mwenye karatasi tupu aliandika anachokusudia au anachokisia, na hakulazimishwa kudai zaidi ya hapo. Yule msichana wa would alipata tiketi na barua ya hoteli. Safari na malazi aliyaandika katika umbo la maafikiano. Kasri ya mfalme, ambayo hakuwa na karatasi yake, aliiandika kwa will. Juma lililofuata walifanya zoezi lilelile kwa safari ya kwenda kwao shule itakapofungwa, ambako basi, nauli na mwenyeji havikuhitaji kubuniwa, na maumbo yaleyale yakajitokeza kwa urahisi zaidi.

Jambo hili lina maana kwa mtafiti pia. Iwapo msingi wa kauli ndio unaotawala uchaguzi wa maumbo katika Kiingereza, na iwapo 'nasafiri' na 'nitasafiri' hutofautiana kwa msingi huohuo, basi -na- ya mambo yajayo haitoshi kuelezwa kuwa ni njeo ya sasa iliyoazimwa na kesho. Yafaa kuulizwa inakubali vitenzi vipi na inakataa vipi; kama 'Kesho mvua inanyesha' ni ya kawaida katika kinywa cha msemaji wa Unguja, wa Mombasa au wa Bukavu, na ni nani anayeweza kuisema bila kuchekwa. Mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada anayo hapa, na data zake zimejaa katika mazungumzo ya vituo vya mabasi.

Ama mwalimu wa darasani, yeye hahitaji kungoja matokeo ya utafiti huo. Anaposahihisha zoezi la likizo, na atazame kwanza mwanafunzi alipewa nini cha kumwezesha kusema 'nasafiri'. Kama hakupewa kitu, sentensi ya 'ningesafiri' isipewe sifuri.